Vumbi, Moshi na Mizani: Historia ya Kupima Hewa katika Nyanda za Kitengela

Hewa inayovutwa Kitengela hutoka mashariki. Kati ya Oktoba na Aprili upepo wa kaskazi, ule ule unaojulikana na mabaharia wa Lamu na Mombasa, hupanda bara na kuvuma juu ya nyanda za Athi ukitokea kaskazini-mashariki. Mei ikiingia hugeuka ukawa kusi, na hadi Septemba hutokea kusini-mashariki. Mji wa Kitengela uko kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwenye barabara ya Namanga, na viwanda vya Athi River viko upande wake wa kaskazini-mashariki. Kwa hiyo msimu wa kaskazi huleta mjini moshi na vumbi la viwanda hivyo, na msimu wa kusi husukuma hewa ya nyanda hizi kuelekea Nairobi. Kiserikali, Kitengela ni ya Kaunti ya Kajiado, Athi River ni ya Machakos, na Nairobi ni kaunti peke yake. Watu wa kaunti hizi tatu wanavuta hewa moja, na ugawaji huo umechangia sana kufanya hewa hiyo ijulikane kwa vipande vipande.

Vumbi lilikuwapo kabla ya kiwanda chochote. Sehemu kubwa ya nyanda hizi ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika hunasa magurudumu na wakati wa kiangazi hupasuka na kusagika kuwa unga. Mahali pengine chini yake kuna tabaka la mawe laini ya chokaa yanayoitwa kunkur, ambayo baadaye yangekuwa malighafi ya saruji. Kwato za ng'ombe wa Wamaasai na za nyumbu waliokuwa wakihama kati ya nyanda za Kaputiei na eneo lililotangazwa kuwa mbuga mwaka 1946 ziliinua vumbi hilo kila mwaka, na mvua ililituliza. Vumbi la namna hiyo huwa na chembe kubwa. Pua na koo huzuia sehemu kubwa yake, na lingine huanguka chini baada ya mwendo mfupi. Madhara ya vumbi hilo si kama ya moshi, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo kiini cha elimu yote ya kupima hewa.

Moshi wa kwanza wa Kajiado ulikuwa ndani ya nyumba. Enkaji, nyumba ya Kimaasai ijengwayo na wanawake kwa fito na kukandikwa samadi ya ng'ombe, ni fupi, na madirisha yake ni matundu madogo. Jiko la mafiga liko katikati, hatua chache kutoka kitandani. Moshi ulikuwa na kazi zake: ulifukuza mbu na nzi, ulikausha kuni na paa, na mkaa wa mzeituni wa porini ulitumika kusafishia vibuyu vya maziwa na kuyapa maziwa harufu iliyopendwa. Lakini mama na watoto wadogo, ambao hukaa jikoni saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote wa boma, ndio waliolipa gharama yake kwa macho mekundu, kikohozi na homa ya mapafu.

Moshi huo ulipimwa kwa vyombo kabla ya moshi wa barabara za Kitengela. Kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo baadaye lilibadili jina likawa Practical Action, liliendesha mradi katika nyumba 50 za Kajiado na magharibi mwa Kenya, likishirikiana na watafiti akiwamo Nigel Bruce wa Chuo Kikuu cha Liverpool. Pampu ndogo zilivuta hewa ya jikoni kwa saa 24 kupitia vichujio, na vichujio vikapimwa uzito. Magharibi mwa Kenya wastani wa chembe zinazoweza kufika mapafuni ulikuwa takriban mikrogramu 1,700 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kajiado ulizidi 5,000. Shirika la Afya Duniani leo linashauri kwamba wastani wa siku nzima wa chembe laini usizidi 15. Vipimo hivyo viwili havilingani kabisa, kwa kuwa chembe zilizopimwa katika mradi zilijumuisha na zile kubwa kidogo, lakini pengo ni kubwa mno kuweza kuelezwa na tofauti ya vichujio.

Mradi haukuishia kwenye kupima. Wenye nyumba, na hasa wanawake, walijadili mabadiliko yaliyowezekana na wakachagua wenyewe: madirisha makubwa zaidi, nafasi kati ya ukuta na paa, majiko bora, na kofia ya bati inayoning'inia juu ya mafiga na kuutoa moshi nje kupitia bomba. Kofia ya bati ndiyo iliyoshinda. Ilipunguza moshi wa ndani kwa zaidi ya nusu. Mafanikio hayo yanastahili kukumbukwa kuliko yanavyokumbukwa. Hapa takwimu ya hewa ilichukuliwa, ikarudishwa kwa waliokuwa wakiivuta, wakaifanyia kazi, kisha ikapimwa upya. Katika historia yote ya kupima hewa nchini Kenya, mizunguko iliyokamilika hivyo ni michache.

Wakati huo huo nje ya boma mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1933 kampuni ya East African Portland Cement ilianza shughuli zake Nairobi kwa kusaga malighafi iliyoletwa kwa meli kutoka India. Mwaka 1958 kiwanda chake cha Athi River kilikuwa kimeanza kazi, karibu na chokaa na reli. Kabla yake, mwaka 1950, ilikuwa imeundwa Tume ya Nyama ya Kenya, yenye machinjio makubwa hapo hapo Athi River. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Bamburi ilijenga kiwanda cha kusaga saruji katika eneo hilo, na mwaka 2012 ikafuata Savannah Cement. Nyanda zilizokuwa za malisho zikawa ghala la saruji la nchi.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma chokaa na udongo katika tanuri refu linalozunguka, kwa joto la karibu nyuzi 1,450, kisha mabonge yanayotoka humo husagwa pamoja na jasi. Vumbi linaweza kutoroka kila hatua: mawe yanapopasuliwa, gesi za tanuri zinapopanda bomba, kinu kinaposaga, mifuko inapojazwa, na lori linapoondoka bila turubai. Kiwanda chenye vichujio vizima hunasa sehemu kubwa sana ya vumbi hilo na kulirudisha kwenye uzalishaji, kwani ni mali. Kichujio kikichakaa au umeme ukikatika, majirani hujua kabla ya mkaguzi. Vumbi la saruji likikutana na umande hugandamana na bati, na paa la kijivu limekuwa ushahidi katika malalamiko mengi.

Sheria ya wakati huo ilitegemea ushahidi wa namna hiyo hiyo. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 iliuhesabu moshi wa bomba lisilo la nyumba ya kuishi kuwa kero, endapo ungekuwa mwingi kiasi cha kuudhi au kudhuru. Haikutaja gramu wala mita ya ujazo. Aliyeamua ni bwana afya, kwa macho na pua yake. Utaratibu huo ulifaa kwa bomba moja na jirani mmoja. Haukuweza kujua kwamba mabomba kumi, kila moja likiwa ndani ya mipaka yake, yanaweza kwa pamoja kuharibu hewa ya mji mzima, wala kwamba chembe zinazoua zaidi ni zile ambazo jicho halizioni.

Hata hivyo jicho lilikuwa limeacha rekodi bila kukusudia. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza iliundwa mwaka 1929, na uwanja wa ndege wa Embakasi ukafunguliwa mwaka 1958 juu ya nyanda zile zile za Athi, upande wa pili wa mbuga kutoka Kitengela. Rubani anahitaji kujua anaweza kuona umbali gani, kwa hiyo katika viwanja vya ndege umbali huo huandikwa saa baada ya saa, mchana na usiku. Mtazamaji huchukua alama anazozijua, kilima, mnara au jengo, na kuandika ya mwisho anayoweza kuitambua. Aliyeziandika tarakimu hizo alifikiria usalama wa ndege tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Ajit Singh, William Avis na Francis Pope, walizisoma upya rekodi za kuanzia miaka ya 1970, wakaondoa athari za mvua na unyevu, na kukadiria uchafu uliohitajika kufupisha upeo wa macho kiasi hicho. Kwa Nairobi walipata ongezeko la asilimia 182, kwa Kampala asilimia 162, na kwa Addis Ababa asilimia 62. Ni makadirio. Lakini ndiyo historia ndefu kuliko zote iliyopo ya hewa ya miji hii, na iliandikwa na makarani wa hali ya hewa wasiojua kwamba wanaiandika.

Mizani ilifika Nairobi kupitia chuo kikuu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilikuwa na vyombo vya kumulika sampuli kwa miali ya eksirei na kutambua elementi zilizomo. Mwaka 1992 Karue, Kinyua na El-Busaidy walichapisha uchambuzi wa vumbi linaloelea katika hewa ya mji, na baadaye Michael Gatari na wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo kwa miongo. Njia yao ni ya polepole na ya uaminifu. Kichujio hupimwa uzito kabla, huvutiwa hewa kwa siku nzima, hupimwa tena, kisha humulikwa. Risasi huelekeza kwenye petroli, silikoni na chuma huelekeza kwenye udongo, klorini na potasiamu huelekeza kwenye takataka na kuni zinazochomwa. Kalisi ina utata wake kwa watu wa Kitengela: saruji ina kalisi, na udongo wenye kunkur nao una kalisi, hivyo elementi hiyo peke yake haiwezi kukitia kiwanda hatiani wala kukiachilia.

Risasi ndiyo iliyoleta ushindi wa wazi. Tangu miaka ya 1920 madini hayo yalichanganywa katika petroli ulimwenguni ili injini zisigonge, na watoto waliokulia kando ya barabara waliyavuta. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 Kenya ilikuwa imeacha kuuza petroli yenye risasi. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikapunguza pia salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hizo mbili zilisafisha hewa ya barabara ya Namanga bila mtu yeyote kusimika kipimo hapo.

Mwaka 1999, kabla ya mji wowote wa Kenya kuwa na kituo cha kudumu cha kupima chembe laini, Idara ya Hali ya Hewa kwa msaada wa Waswisi ilianza kupima hewa kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya bahari. Kituo hicho ni sehemu ya mtandao wa dunia, na kazi yake ni kuchunguza hewa ya bara zima mbali na moshi wa watu. Kwa sayansi ya tabianchi kituo kilihitajika. Kwa mwenye duka la kando ya lami hakikuwa na neno la kumwambia.

Mtaa ulianza kusomwa vizuri mwishoni mwa miaka ya 2000. Julai 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Nairobi walibeba vipimo katikati ya jiji, barabarani na nje ya mji. Wastani wa mchana wa chembe laini, zile ambazo upana wake hauzidi mikroni 2.5, ulikuwa mikrogramu 10.7 mahali pa mashambani na 98.1 kando ya njia ya waenda kwa miguu katikati ya jiji. Siku zile zile, hewa ya mchuuzi wa mjini ilikuwa na uchafu mara tisa ya ile ya mkulima. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Samuel Gaita pamoja na Gatari kwa sampuli za Mei 2008 hadi Aprili 2010, uligundua kwamba magari na vumbi la ardhi vilichangia karibu robo tatu ya chembe laini za Nairobi. Jambo hilo la pili lina uzito kwa Kajiado. Vumbi la ardhi halitoki kwenye bomba la mtu. Hutoka kwenye barabara zisizo na lami, machimbo na viwanja vilivyofyekwa nyasi, na mji unaojengwa haraka huwa na vyote vitatu. Kisha utafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu, uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha wastani wa mikrogramu 166 katika mtaa wa mabanda wa Korogocho na 67 katika ule wa Viwandani, ndani ya jiji lile lile. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuzungumza juu ya hewa ya Nairobi kana kwamba ni kitu kimoja.

Sheria ilichukua muda kufuata. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyozaa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Katiba ya 2010, kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kanuni za Ubora wa Hewa zilitangazwa mwaka 2014. Kwa mara ya kwanza hewa ya Kenya ikawa na kikomo cha tarakimu: wastani wa mwaka wa chembe laini usizidi mikrogramu 35. Viwanda vikatakiwa kuwa na leseni ya utoaji moshi na kupima mabomba yao. Kikomo hicho ni kikubwa kuliko ushauri wa Shirika la Afya Duniani, uliokuwa mikrogramu 10 na ukashushwa hadi 5 mwaka 2021. Hata hivyo udhaifu mkubwa zaidi hauko katika tarakimu. Wastani wa mwaka haujulikani bila chombo kinachokaa mahali pamoja mwaka mzima, na vyombo vya namna hiyo, vyenye usahihi wa kukubalika mahakamani, huhitaji fedha, umeme usiokatika na fundi wa kuvitunza.

Juni 2014 Baraza la kwanza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Gigiri, Nairobi, na kupitisha azimio juu ya ubora wa hewa. Mwaka uliofuata UNEP, shirika la mazingira la Umoja huo, ikazindua kipimo cha bei nafuu, na kuanzia 2016 vifaa sita vya aina hiyo vikawekwa Nairobi, vingi vikiwa shuleni. Vihisi hivi hutumia mwanga: feni ndogo huvuta hewa mbele ya mwale wa leza, chembe hutawanya mwanga, na kompyuta hukadiria uzito kutokana na mtawanyiko huo. Kosa lao linajulikana. Asubuhi yenye ukungu chembe hunywa maji na kuvimba, na kihisi husoma maji kana kwamba ni uchafu. Francis Pope na wenzake walionyesha mwaka 2018, kwa kulinganisha barabara ya Tom Mboya, paa la jengo la chuo kikuu na mji wa Nanyuki, kwamba vihisi vya bei nafuu vikisahihishwa dhidi ya chombo cha mizani vinaaminika vya kutosha. Usahihishaji huo ni kazi ya kila msimu, na ndiyo inayosahaulika vifaa vinapokabidhiwa mbele ya kamera.

Wakati huo mitandao iliongezeka: sensors.AFRICA iliyoanzia Nairobi, na AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa mwaka 2015 chini ya Engineer Bainomugisha na kusambaa kutoka Kampala hadi miji mingine ya Afrika. Nairobi iliandika mpango wake wa hewa wa 2019 hadi 2023. Vifaa vingi, mikutano mingi na takwimu nyingi zilibaki ndani ya mipaka ya jiji.

Miaka hiyo hiyo Kitengela ilikuwa inakua kuliko vyombo vilivyoihusu. Ardhi ya shamba la pamoja la Wamaasai, lililosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1968, iligawanywa kwa wanachama miaka ya 1980. Sheria ya mwaka 1990 ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ikaleta ajira Athi River, na waliozipata walitafuta nyumba za kupanga jirani. Hesabu ya watu ya 2009 ilikuta mjini watu karibu 58,000. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 150,000. Kila ploti mpya ilikuwa na lori la mchanga, mlundo wa kokoto, jenereta, jiko la makaa na shimo la kuchomea takataka. Mji wa namna hii hutoa hewa chafu kutoka maelfu ya mahali padogo, na hakuna leseni ya bomba inayoweza kuufikia.

Mara moja serikali iliichora nyanda hii kama eneo moja. Tarehe 6 Aprili 2020, kwa sababu ya korona, safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi zilifungwa, na mpaka ulijumuisha Kitengela, Athi River, Ngong na Kiserian. Magari yalipungua, na picha za Mlima Kenya ukionekana kutoka jijini zikasambaa simu hadi simu. Mlima huo huonekana pia siku nyingine, hasa alfajiri baada ya mvua, na Aprili ni mwezi wa masika, kwa hiyo picha hazithibitishi kila kilichodaiwa. Kilichobaki ni ule mpaka wenyewe. Ulifuata mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, na unakaribia zaidi eneo la hewa ya pamoja kuliko mpaka wa kaunti yoyote.

Machi 2025 Marekani iliacha kuchapisha data za vipimo vya hewa vya balozi zake duniani, vikiwamo vya Addis Ababa na Kampala, ambavyo mitandao ya Afrika Mashariki ilivitumia kusahihishia vihisi vyake. Kazi hiyo imerudi mikononi mwa vyuo vikuu na idara za hali ya hewa za nchi zenyewe. Kwa nyanda za kusini mwa mbuga, kutoka Kitengela hadi Isinya na Kajiado mjini, na kwa makazi ya mbali zaidi ya kaunti kama Entarara, kinachohitajika kinajulikana na si kikubwa: kipimo kimoja upande wa upepo wa viwanda na kingine upande wa pili, vikae misimu yote miwili, kaskazi na kusi, na vichujio vyake vipelekwe kumulikwa. Tofauti kati ya visomo hivyo viwili ndiyo itakayoonyesha sehemu ya saruji, sehemu ya barabara, na sehemu ya moshi unaotoka bado juu ya mafiga.